Runinga haitakupa uprofesa wa sheria ya uchaguzi

SWALI: Mimi ni wakili hapa Kenya, nina shahada ya uzamili. Nalenga kuwa profesa wa sheria ya uchaguzi. Kila msimu wa kura naalikwa runingani kuchambua matokeo. Je, hilo litanipandisha?

JIBU: La. Kinachokupandisha ni uzamivu, makala yaliyopitiwa na wataalamu wenzako, na wanafunzi uliowasimamia hadi wakamaliza. Na tasnifu ya kuandikiwa kwa malipo usiiguse. Mtahini akikuuliza aya moja tu ya hukumu uliyoinukuu, utakwama.

Linaloniudhi zaidi ni dhana kwamba sheria ya uchaguzi ni kujua nani alishinda. Mchambuzi anainua Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, isiyo na saini ya ajenti wa mgombea na kutangaza kuwa matokeo ya kituo ni batili. Kanuni ya 79 ya Kanuni za Uchaguzi za 2012 inasema wazi kwamba ajenti kukataa kutia saini, peke yake, hakubatilishi matokeo. Anayeijua kazi huikagua karatasi hiyohiyo hadi chini: msimamizi wa kituo ametia saini? Sababu ya ajenti kukataa imeandikwa? Kura za wagombea ukizijumlisha, zinalingana na jumla ya kura halali? Jumla hiyo na zilizokataliwa zimezidi waliosajiliwa?

Hata uamuzi wa 2017 hupotoshwa. Majaji 4 dhidi ya 2 wa Mahakama ya Juu waliufuta uchaguzi wa urais, hasa kwa kasoro za kupeperusha matokeo. Hawakumtangaza mwingine kuwa mshindi. Usome pamoja na kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi, kinachoeleza ni lini kasoro hubatilisha uchaguzi, na usiwaruke wale wawili waliopinga. Humo mna mada za uzamivu.

Kosa ghali kuliko yote ni la tarehe. Siku 28 za kupinga ushindi wa mbunge au gavana huanza matokeo yanapotangazwa, ibara ya 87(2) ya Katiba. Kifungu cha 76 cha Sheria ya Uchaguzi kilihesabu tangu kuchapishwa kwa matokeo katika Gazeti Rasmi, lakini Februari 2014, katika kesi ya Joho na Shahbal kuhusu ugavana wa Mombasa, Mahakama ya Juu iliitangua sehemu hiyo. Bado wapo wanaowaambia wagombea wangoje Gazeti. Mgombea anafika masjala ya mahakama siku ya 30 na masanduku ya ushahidi, na kesi inatupwa kabla shahidi wa kwanza hajaapa. Anayewahi naye ana siku 10 tu za kuweka dhamana ya gharama: Sh500,000 kwa ugavana au ubunge, Sh100,000 kwa mwakilishi wadi. Kesi ya kupinga urais yenyewe hufunguliwa ndani ya siku 7 tangu matokeo kutangazwa. Ukialikwa tena studioni, anza na tarehe hizo.