Friji kwanza, PS4 baadaye

Kaka, umeuliza kama hizo elfu thelathini ununue PS4 ya mtumba, ile mashine ya gemu, au friji ndogo ya bedsita yako hapo Roysambu, Nairobi. Nunua friji. Najua si jibu ulilotaka.

Mimi nilianza na gemu. Nilicheza mpira mpaka saa nane usiku, huku maharagwe niliyochemsha Jumapili yakitoa povu sufuriani kufikia Jumanne. Basi nikawa mtu wa kula kibandani kila siku, na hela zikaishia huko. Siku hizi nayagawa kwenye vikopo, nayagandisha, jioni kazi ni kukaanga kitunguu tu.

Ila usichomeke friji ukutani moja kwa moja. Yangu ya kwanza iliungua stima iliporudi kwa nguvu. Weka frijigadi: hukata umeme ukizidi au ukipungua, na stima ikirudi husubiri dakika chache ili presha ya gesi itulie kabla kompresa, ile pampu ya friji, haijaanza tena.

Hamu ya gemu ikikuzidi, mtaani hapo hukosi banda la kulipia kwa mechi. Kelele ni nyingi, lakini kumfunga mtu aliyekaa ubavuni mwako kuna utamu wake.

Na siku utakayoenda Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki mjini, kutafuta PS4, kumbuka ilitoka 2013. Iwashwe mbele yako, icheze nusu saa, usikilize feni. Ikinguruma kama matatu ya Rongai, achana nayo. Shika pedi ya kuchezea pia: ukiachia kijiti chake na mchezaji kwenye skrini anaendelea kutembea mwenyewe, hiyo imechoka.