Usipeleke "Umuhimu wa Kublogu": nilivyojifunza kuomba nafasi ya kutoa mada

Mara ya kwanza kuomba kutoa mada kwenye kongamano la wanablogu nilijaza fomu saa tano na nusu usiku, dedilaini saa sita kamili. Kichwa nikaandika "Historia na Umuhimu wa Kublogu", si unaona kinavyopendeza, nikamwaga humo kila nilichokua nakijua, kwamba neno weblog lilianza na Jorn Barger mwaka 1997, kwamba 1999 Peter Merholz akalikatakata kwa utani likabaki blog, mwaka huohuo Blogger, jukwaa la kuandikia blogu, ikazinduliwa, 2003 WordPress, jukwaa jingine, nayo ikatoka, yaani nilijiona profesa kabisa. Wiki kadhaa baadae imeili ikaja, mistari minne, asante kwa kuomba, tumepokea maombi mengi. Niliumia bana. Na kwa muda mrefu niliamini wale jamaa wanapeana nafasi kwa kujuana tu.

Mpaka siku nikaombwa nikae upande wa pili, kwenye kamati ya kuchagua mada. Hapo ndo nikaelewa.

Ile fomu uliyoijaza kwa jasho, ikifika kwa waandaaji ni mstari mmoja tu kwenye Excel. Aya zako nne zimebanwa kwenye kiboksi kimoja na kinachoonekana ni maneno kumi na kitu ya mwanzo, mengine yamefichwa mpaka mtu abofye. Na anayebofya ni nani? Mtu anayejitolea, ametoka kazini, amechoka, mwingine anasomea kwenye simu amejilaza. Sasa kwenye ile safu ya maelezo nikawa nashuka taratibu, nakuta "Katika ulimwengu huu wa sayansi na teknolojia", nashuka tena, "Katika dunia ya leo ya kidijitali", nashuka, "Kublogu ni jambo muhimu sana kwa jamii". Hamna tofauti. Hata kama huko chini mtu ana madini ya hatari, pale juu wote wanafanana ka mapacha. Nikajikuta nacheka peke yangu manake ile yangu ya mwaka ule na yenyewe ilianza hivohivo.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa, na ukiondoka na hiki tu mi nimeridhika: peleka kitu kidogo kilichokutokea wewe. Mada kubwa achana nayo. Historia ya blogu mtu anaisoma mwenyewe akiwa kitandani, hahitaji kuja kukaa kwenye kiti cha plastiki anisikilize mi nikimsomea.

Ngoja nikupe mfano wa kwangu. Kuna kipindi nilihamisha blogu yangu kutoka jukwaa moja kwenda lingine, nikahamisha posti zote, picha zote, nikalala nina furaha. Asubuhi naamka naangalia takwimu, wasomaji wameanguka vibaya mno. Kumbe anwani za posti zote zimebadilika na sikuweka zile 301 za kuwaelekeza watu kwenye anwani mpya, kwa hiyo kila aliyekuja kutoka Google au kwenye blogu ya rafiki yangu aliyeniwekea linki alikua anakutana na 404, yaani ule ujumbe wa ukurasa haupatikani. Miaka ya kuandika, kila mlango umepigwa kufuli na mimi mwenyewe. Nilikaa wiki mbili nzima natengeneza jedwali, anwani ya zamani huku, mpya huku, moja moja.

Hiyo aibu ndo ilinipa nafasi yangu ya kwanza ya kuongea. Kichwa kilikua "Nilivyoua Linki Zangu Zote kwa Usiku Mmoja", na maelezo yalianza hivi: "Nilihama jukwaa Jumamosi, Jumapili robo tatu ya wasomaji hawapo. Nitawaonyesha jedwali nililotumia kuwarudisha, na mtaondoka nalo." Basi, kisha sentensi kama mbili za nyongeza. Angalia hapo, muandaaji akisoma yale maneno ya mwanzo tayari anajua nini kilitokea, na anajua msikilizaji atatoka na nini mkononi. Sikusema uhamaji wa blogu ni muhimu. Nani atabisha?

Watu wananiambiaga "lakini mi sina stori kama hiyo". Unayo, umeizoea tu. Fungua blogu yako angalia posti gani watu walikuuliza maswali mengi kwenye komenti, au swali gani marafiki wanakutumia meseji kila siku mpaka una jibu la kukopi na kupesti. Hilo jibu ndo mada. Siku ile tunachagua kulikua na mtu kapendekeza kuelezea alivyoacha kuandika kwa mwaka mzima na alivyorudi, na tulikubaliana wote bila ubishi, manake nani kati yetu hana blogu aliyoitelekeza?

Jingine ni ile sehemu ya walengwa. Karibu wote tunaandika "kila mtu". Usifanye hivo. Waandaaji wanagawa kumbi, huku wanaoanza, huku waliokomaa, na wewe wa "kila mtu" hawajui wakuweke wapi, na mtu wakikosa pa kumuweka wanaendelea na mwingine. Sema "wenye blogu ya zaidi ya mwaka wanaofikiria kuhama", uone watakavyokushukuru.

Halafu muda. Kama fomu ina chaguo la mada fupi, zile za dakika tano au kumi, nakushauri uanzie huko hasa kama hujawahi kusimama mbele ya watu. Kwenye kamati yetu wengi walikua wameomba nafasi ndefu, zile fupi zilikua zinatafuta watu. Ila usidhani fupi ni rahisi. Kuna mtindo wa Ignite, slaidi 20 na kila moja inajigeuza yenyewe baada ya sekunde 15, jumla dakika tano, ukikohoa tu slaidi imekuacha. Fanyia mazoezi kwa sauti. Kwa sauti kabisa, sio kichwani, kichwani huwa tunaongea vizuri wote.

Usiuze kitu. Narudia, usiuze. Kama pendekezo lako limekaa kama tangazo la kozi yako au plagini yako (vile viprogramu vya kuongezea kwenye blogu) litanusika hata ukilipaka manukato. WordCamp kwa mfano, zile kongamano za jamii ya WordPress zilizoanzia San Francisco mwaka 2006, watoa mada wanajitolea, hawalipwi, kwa hiyo mtu anayekuja kufanya biashara jukwaani anawakera wote waliokuja kutoa bure. Na ujue pia mada nyingi za huko zinarekodiwa zinawekwa WordPress.tv, miaka inapita tangazo lako bado lipo pale linakuangalia.

Wasifu, mistari mitatu inatosha, uhusiane na mada. Sisi raundi ya kwanza tulificha majina kabisa, kwa hiyo wale walioandika "kama mnavyonifahamu" walipoteza nafasi bure. Ila kile kisanduku cha maelezo kwa waandaaji, kile ambacho watu wanakirukaga, kijaze! Hapo ndo pa kusema sijawahi kuongea mbele za watu lakini nimeshaelezea hili kwa marafiki mara kadhaa, au nahitaji intaneti ukumbini, au naweza kuifupisha ikiwa dakika 15. Kuna mtu tulimchukua kwa sababu ya hiyo sentensi ya mwisho, ratiba ilikua na kinafasi kidogo kimebaki na yeye peke yake alikua amesema anaweza kuingia.

Peleka mapendekezo mawili, matatu kama wanaruhusu, lakini yawe tofauti kweli. Ukipeleka sita tunaona mtu hajui anataka kusema nini. Na jaza fomu mapema, sio kwamba wa mapema wanapendelewa, hapana, ni kwamba ukiandika leo ukasoma kesho asubuhi utaona mwenyewe ile sentensi ya kwanza haifai, ukaifuta. Mi karibu kila mara naifuta, na ya pili ndo inageuka kua ya kwanza.

Na kama fomu zinakuogopesha kabisa tafuta mikutano ya mtindo wa BarCamp, huo ulianzia Palo Alto 2005, hamna kamati wala maombi, unafika asubuhi unaandika mada yako kwenye karatasi unabandika kwenye ratiba ya ukutani, watu wakija sawa wasipokuja sawa. Mi niliwahi kupata wasikilizaji wanne. Mmoja alikua anachaji simu.

Ukikataliwa waandikie uulize kwa upole kwa nini, wengine hawajibu lakini wengine wanajibu vizuri sana. Mi nilijibiwa mara moja kwamba mada nzuri ila kulikua na mbili zinazofanana nayo, yaani haikua ubaya wangu kabisa na nilikua nimenuna miezi. Halafu usifute. Nina faili kwenye laptopu linaitwa "waliokataa", humo kuna moja kuhusu kuandika posti kwa simu tu bila kompyuta, imekataliwa mara mbili, juzi nikaifungua nikaona ilikua inaanza na "Katika ulimwengu wa leo". Nimeikata hapo. Dedilaini ya safari hii ni Ijumaa, ngoja nikaitume.