Jibu: Glock 17 inatokeza nikiinama

Salamu ndugu. Unasema bastola yako ya Glock 17, unayoivaa kwa kuificha chini ya shati, inachora umbo lake kwenye shati kila ukiinama, na sasa unataka kununua ndogo. Subiri kwanza. Kinachokusaliti si mtutu, ni mpini. Mtutu unazama ndani ya suruali. Anza kukagua mkanda. Mkanda ukiwa laini, bastola inaning'inia na kuegemea nje. Mimi nilibadilisha mashati miezi mitatu, kumbe tatizo ni mkanda! Kisha ivae nyuma kidogo ya nyonga, ala (mfuko wa bastola) ikiinamia mbele ili mpini ufuate mbavu. Ala iwe ngumu, ifunike kifyatulio chote, hapo usibahatishe. Ukiokota kitu, chuchumaa. Kuivaa mbele ya tumbo sijaweza, kitambi kimekataa, kwa hiyo wembamba watakuambia.