Maswali na Majibu: Faili za Meinfremu

Swali: Nimezoea kompyuta zenye folda. Kwenye meinfremu (kompyuta kubwa ya mashirika) yenye mfumo wa z/OS naona majina kama FEDHA.MSHAHARA.ORODHA, lakini folda sizioni. Mfumo unajuaje faili iko wapi?

Jibu: Huzioni kwa sababu hazipo (upande wa Unix wa z/OS ni habari nyingine). Nukta hugawa jina tu. Jina zima lisizidi herufi 44, nukta zikiwemo, na kila kipande kisizidi 8, tena kisianze kwa tarakimu. Chenye kazi kubwa ni kipande cha kwanza: mfumo hukitafuta katika katalogi kuu, nayo huuelekeza kwenye katalogi ya watumiaji yenye majina ya kundi hilo. Humo unapata jina la diski, lisilozidi herufi 6. Diski yenyewe ina jedwali liitwalo VTOC, linaloonyesha faili inakalia traki (njia za duara za diski) zipi.

Kuna mtego hapa. Kwenye diski zisizosimamiwa na SMS (sehemu ya z/OS inayosimamia hifadhi), ukiunda faili mpya kwa jina ambalo tayari limo katika katalogi likielekeza diski nyingine, kazi yaweza kuisha kwa kodi 0 (ya mafanikio) huku ripoti yake ikiwa na maneno NOT CATLGD 2. Faili mpya ipo, ila haijaorodheshwa. Kazi inayofuata itasoma ile ya zamani wala haitalalamika.

Swali: Programu yangu huandika rekodi 100,000 za baiti 80. Niliomba traki 200 na kuweka BLKSIZE=80 (ukubwa wa bloku, yaani fungu linaloandikwa kwa pamoja), ikakatika kwa kosa la SD37, la kukosa nafasi. Mwenzangu anasema niombe traki 1,500.

Jibu: Zitatosha, lakini sehemu kubwa ya diski itapotea bure. Kila bloku huja na gharama yake kwenye traki, hata ikiwa ndogo namna gani. Traki ya diski ya IBM aina ya 3390 hubeba baiti 56,664 ikiandikwa bloku moja kubwa. Ukiandika bloku za baiti 80 zinaingia 78 tu, yaani baiti 6,240. Traki zako 200 zilijaa kwenye rekodi ya 15,600. Ukifunga rekodi 349 katika bloku moja ya baiti 27,920, bloku mbili zinaenea kwenye traki, na faili nzima inachukua traki 144. Msomaji wa faili naye atavuta bloku 287 badala ya 100,000.

Huna haja ya kupiga hesabu hiyo kila mara. Andika BLKSIZE=0 katika JCL (maagizo ya kuendesha kazi), mfumo uchague wenyewe:

//TOKEO DD DSN=FEDHA.MALIPO.MWEZI,UNIT=SYSDA,
// DISP=(NEW,CATLG,DELETE),
// SPACE=(TRK,(150,30),RLSE),
// DCB=(RECFM=FB,LRECL=80,BLKSIZE=0)

Hiyo 30 ni nafasi ya nyongeza, traki 150 za mwanzo zikijaa. SD37 maana yake hukuiomba kabisa. SB37 au SE37 huja pale uliyoiomba haipatikani tena: diski imejaa, au faili ya kawaida imeshafikisha vipande 16 vya nafasi kwenye diski hiyo. RLSE hurudisha kilichobaki faili inapofungwa.

Swali: Faili yetu ya VSAM aina ya KSDS (inayotafutwa kwa ufunguo) ilikuwa nyepesi tulipoipakia. Sasa kazi za usiku zinakokota, ingawa rekodi hazijaongezeka sana. CI (fungu la rekodi linalosomwa kwa pamoja) ni baiti 4,096, FREESPACE(0 0), rekodi za baiti 200.

Jibu: Chanzo ni hizo sifuri mbili, asilimia za nafasi inayoachwa wazi ndani ya CI na ndani ya CA. KSDS hupanga rekodi kwa ufunguo ndani ya CI, na CI nyingi huunda CA, ambayo haizidi silinda moja (kundi la traki). Silinda ya 3390 ina CI 180 za ukubwa wenu. Mlizijaza zote pomoni. Kwa hiyo rekodi ya kwanza kuingia katikati haikuwa na pa kukaa, wala CA haikuwa na CI tupu ya kuisaidia. VSAM ikalazimika kuongeza CA mwishoni mwa faili, ikahamishia huko karibu nusu ya CI na kurekebisha faharasa. Hayo yote kwa ajili ya rekodi moja.

Jaribuni FREESPACE(20 10). CI yenu huingia rekodi 20. Kwa asilimia 20 mtapakia 16 na kubakiza nafasi ya 4. Ya tano ikija, CI inagawanyika, lakini ndani ya CA ileile, ambako CI 18 zimeachwa wazi. Huo ni mgawanyiko wa bei nafuu. Katika ripoti ya amri LISTCAT ... ALL msihangaike sana na SPLITS-CI (idadi ya migawanyiko ya CI). Tazameni SPLITS-CA inavyopanda.

Kubadilisha FREESPACE peke yake hakupangi upya data iliyopo. Fungeni faili kwa watumiaji wote, itoeni kwa REPRO (amri ya kunakili) kwenda faili ya mfululizo, hakikisheni idadi ya rekodi inalingana, ndipo DELETE (kuifuta), DEFINE CLUSTER (kuiunda upya) na REPRO ya kurudisha. DELETE hiyo huondoa pia faharasa mbadala (za kutafuta kwa ufunguo mwingine) na njia zake, kwa hiyo wekeni tayari amri za kuzifafanua upya pamoja na BLDINDEX ya kuzijaza. Hatua hii husahauliwa mno. Na kama funguo mpya daima huongezwa mwishoni kwa mfuatano, nafasi ya katikati haiwasaidii.

Swali: Nikihamisha faili kwa FTP kwenda kompyuta ya kawaida, majina yanasomeka lakini kiasi cha fedha ni vurugu tupu.

Jibu: Huenda fedha zimehifadhiwa kama COMP-3, namba za COBOL zinazofungwa tarakimu mbili kwa baiti. Namba 12345 chanya hukaa katika baiti tatu, hapa kwa heksadesimali: X'12', X'34', X'5C'. FTP ya maandishi hudhani kila baiti ni herufi ya EBCDIC (msimbo wa herufi wa meinfremu) na kuitafsiri kwenda ASCII (msimbo wa kompyuta za kawaida). X'5C' ni nyota katika EBCDIC, basi inageuzwa X'2A', na alama ya chanya, ile C ya mwisho, imepotea. Kwanza geuza sehemu hizo ziwe tarakimu za kawaida kwa programu ya kupanga rekodi (sort), kisha ndiyo uhamishe.