Kamera 360, kamera ya 360, au kamera ya nyuzi 360?

SWALI: Natafsiri mwongozo wa kamera yenye lenzi mbili inayorekodi pande zote kwa wakati mmoja. Wenzangu wengine wanaandika "kamera 360", wengine "kamera ya 360", wengine "video ya duara". Tena kuna ile kazi ya programu kuchukua picha za lenzi mbili na kuzifanya moja: niite kuunganisha au kushona? Na picha ikionyeshwa ndani ya kuba kwa projekta, ni sawa kusema "inarushwa"?

JIBU: Tuanze na namba, kwa sababu kosa hili limeenea na linabadilisha maana kabisa. Katika Kiswahili, namba ikifuata jina moja kwa moja, inahesabu: kamera tatu, kamera kumi, kamera 360. Msomaji wa "tumepokea kamera 360" ana haki ya kuona rundo la makasha. Ukitia "ya", namba inapanga: kama mlango wa tatu ulivyotanguliwa na milango miwili, kamera ya 360 imetanguliwa na kamera 359. Katika mazungumzo watu huelewana, maana kifaa kipo mezani na kinaonekana. Mwongozo hauna bahati hiyo. Basi kipimo kisidondoke: kamera ya nyuzi 360, kamera mbili za nyuzi 360.

Nyuzi au digrii? Yote mawili ni Kiswahili. Mimi huchagua nyuzi kwa kuwa ndilo neno la pembe katika hesabu za shuleni: pembe mraba ina nyuzi 90. Wewe chagua moja ulishike hadi ukurasa wa mwisho. Tahadhari ni moja: nyuzi likikaribiana na kushona, msomaji anaona cherehani. Usiandike "programu hushona nyuzi 200 za kila lenzi". Andika "kila lenzi huona pembe ya nyuzi 200, kisha programu hushona picha hizo mbili".

"Video ya duara" iache. Duara ni umbo bapa, na hapa tofauti ina maana kwa fundi. Mwaka 1955 Disneyland ilifungua ukumbi wa Circarama, uliotumia filamu za milimita 16 kutoka kamera 11. Mfumo uliofuata ulitumia kamera 9 za milimita 35. Watazamaji walisimama katikati, skrini zikawazunguka. Picha ilizunguka, lakini haikufunika juu kichwani wala chini miguuni. Hiyo ni video ya mzunguko, na neno hilo linaitosha. (Idadi ya skrini ilikuwa witiri kwa makusudi: idadi ikiwa witiri, mkabala wa kila skrini kuna mwanya kati ya skrini mbili, na projekta huwekwa kwenye mwanya huo.)

Kamera yako ya lenzi mbili huona nyuzi 360 kuzunguka na nyuzi 180 kutoka utosini hadi unyayoni. Umbo hilo ni tufe, kwa hiyo ni video ya tufe. Ikihifadhiwa, tufe hutandazwa kuwa mstatili ambao upana wake ni mara mbili ya kimo, kwa mfano pikseli 3840 kwa 1920. Kitenzi kutandaza kinafaa sana hapa, na kitakuokoa kwenye sura ya matatizo. Faili ikikosa ile alama ya ndani inayoiambia programu kwamba hii ni video ya tufe, mtumiaji ataona mstatili bapa, dari na sakafu vimevutwa kama ramani ya dunia inavyozivuta nchi za karibu na ncha. Usiandike "video imeharibika". Andika "video inaonekana ikiwa imetandazwa, ongeza alama ya video ya tufe". Mueleze pia kwa nini picha ina ukungu ingawa namba ni kubwa: pikseli 3840 zimegawanywa kwa nyuzi zote 360, na anayetazama nyuzi 90 kwa mara moja anapata pikseli 960 tu.

Sasa kushona. Kuunganisha si kosa, ila mwongozo wako umeshalitumia kwa kamera na simu. Maagizo "unganisha kwanza, kisha hamisha faili" yatamwacha mtu hajui aunganishe vifaa au picha. Kushona halina mgongano huo, na linakuja na jamaa zake: mshono, kufumuka, kushona upya. Mshono hufumuka kwa sababu lenzi mbili hazikai mahali pamoja. Kuna sentimita kadhaa kati yake, na kila moja hukiona kitu cha karibu kutoka upande wake. Mlima wa mbali haujali. Mkono ulio nusu mita kutoka ubavu wa kamera utakatika au utakuwa miwili. Agizo liwe hivi: "Mwelekezee mtu lenzi, si ubavu wa kamera. Aliye kwenye mshono akae zaidi ya mita 1." Wakati mwingine picha zimekutana vizuri lakini upande mmoja una giza kuliko wa pili. Hapo mshono haukufumuka. Mwanga umetofautiana, na dawa ni kuzifungia lenzi zote mbili kiasi kimoja cha mwanga. Usiyatie matatizo hayo mawili katika neno moja, "mshono mbaya", maana la kwanza hurekebishwa kwa kuhama na la pili kwa mipangilio.

Kurusha limeshachukuliwa na utangazaji. "Video itarushwa saa mbili usiku" ni ya hewani au mtandaoni, na kamera yako bila shaka ina kitufe cha kurusha moja kwa moja. Kwa projekta sema kuonyesha, na pale unapozungumzia mwanga wenyewe, kumulika: "projekta nne humulika kuba lote". Kwenye kuba usiite mshono mahali picha za projekta zinapokutana. Hazishonwi, kingo zake hupishana, na kila ukingo hufifishwa polepole ili mwanga wa projekta mbili usizidi ule wa moja. Hata hivyo projekta haimuliki weusi kamili, kwa hiyo tukio la usiku litaonyesha ukanda wa kijivu kwenye mpishano. Fundi anayesoma "mshono unaonekana" atarudi kwenye programu ya kamera kutafuta kosa ambalo haliko huko. Akisoma "mpishano unaonekana", ataziendea projekta.