Jibu: Mchoro wa Kiowa wenye nyuma tupu

Ndugu, umeuliza kama mchoro wako wa mcheza ngoma wenye saini ya mchoraji Mopope uliachwa njiani, maana nyuma ya mchezaji huyo ni karatasi tupu. Hapana, umekamilika. Ndivyo Wakiowa, wenyeji wa asili wa Marekani, wa jimbo la Oklahoma walivyochora miaka ya 1920: hakuna ardhi, anga wala kivuli. Rangi ya maji nzito hujazwa bapa, kisha mistari myembamba iliyokolea hutenganisha unyoya na unyoya.

Stephen Mopope (1898–1974) alifunzwa kwanza na ndugu za babu yake, Silver Horn na Oheltoint, kabla ya kwenda na wenzake Chuo Kikuu cha Oklahoma kwa Oscar Jacobson, mkuu wa shule ya sanaa huko. Mopope mwenyewe alikuwa mcheza ngoma hodari, ndiyo maana mavazi ya wachezaji wake yamechorwa kwa uhakika ule.

Angalia jambo moja kabla hujashangilia. Mwaka 1929 kazi zao zilichapishwa Nice, Ufaransa, kwa rangi zilizopakwa kwa mkono kupitia stensili, yaani kiolezo kilichokatwa matundu. Kwa hiyo kukosekana kwa vidoti vya uchapaji wa mashine chini ya lenzi si ushahidi kwamba ni mchoro halisi. Vitabu vingi vya picha vina vidoti, chapa hizi za stensili hazina. Inamisha karatasi kwenye mwanga wa pembeni: stensili mara nyingi huacha kituta chembamba cha rangi ukingoni. Alama za penseli chini ya rangi nyepesi ni dalili nzuri zaidi ya mchoro halisi.

Usiipanguse karatasi hiyo kwa kitambaa chenye unyevu hata kidogo. Rangi hii ikiguswa na maji huyeyuka upya, na mistari ile ndiyo hutangulia kupotea.