Walikaa juu ya benki?

SWALI: Binti yangu wa darasa la sita alipewa sentensi ya Kiingereza, "They sat on the bank". Akaitafsiri, "Walikaa juu ya benki." Mwalimu amemkosesha, anasema ni "Walikaa ukingoni mwa mto". Inakuwaje neno moja libebe mto na fedha? (Mzazi, Morogoro)

JIBU: Mwalimu yuko sahihi, ila mtoto asigombezwe. Kilichomponza ni kile kijineno "on". Kwenye benki ya fedha Mwingereza husema "in" au "at". Akisema watu wamekaa "on the bank", mto au ziwa haliko mbali, labda wawe wamepanda paani.

Maneno hayo ni ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali. Shina lao ni la kale, la ukoo wa lugha ambamo Kijerumani na Kiingereza vimetoka, na linaelekea lilitaja kitu kilichoinuka, kama tuta au ubao wa kukalia. Tawi la mto liliingia Kiingereza kutoka kwa watu wa Skandinavia. Tawi la fedha lilizunguka zaidi: lilifika Italia likawa "banca", benchi la mbadilishaji fedha, likapitia Ufaransa, na kuingia Uingereza mwishoni mwa karne ya 15. Kumbe hata "benchi" letu, lililotokana na "bench" ya Kiingereza, ni la shina hilohilo. Ukikaa kwenye benchi ndani ya benki kusubiri zamu yako, uko katikati ya ndugu wawili.

Hata "bankrupt" ya Waingereza inatokana na "banca rotta" ya Kiitaliano, benchi lililovunjika. Sisi benchi lao hatukulihitaji. Aliyefilisika tunamwita muflisi, neno la Kiarabu lenye undugu na fulusi. Na tafadhali, muflisi si mfilisi: mfilisi ndiye anayekuja kukusanya na kuuza mali ya muflisi. Nimeona magazeti yakiwabadilishana.

Kiswahili basi kilichukua benki ya fedha tu (na baadaye benki ya damu), maana upande wa mto hatukuwa na upungufu: tuna ukingo, kando, na ng'ambo. Siku binti yako akikutana na "the other bank", asihangaike na "ukingo mwingine". Aandike ng'ambo.